"Sauti ni yangu, maneno haiko yangu": wasanii wetu mbele ya montaji za IA

Mwaka 2025, nyimbo za kumsifu Kapteni Ibrahim Traoré, kiongozi wa Burkina Faso, zilizunguka Afrika kupitia YouTube na WhatsApp. Moja ilikuwa na sauti ya R. Kelly. Zingine zilisemekana ni za Beyoncé, za Rihanna, za Justin Bieber. Labda na wewe ulitumiwa moja. R. Kelly yuko gerezani kule Marekani, anatumikia kifungo kirefu, na hakuingia studio yoyote kumwimbia Traoré. Ile sauti ilitengenezwa na mashini. Kati ya walioisikiliza kuko waliojua, kuko wasiojua, na kuko waliojua lakini haikuwasumbua kitu, juu wimbo ulikuwa mtamu.

Hapa kwetu tuna neno la tangu zamani kwa mambo ya namna hii: montaji. Picha ya mkubwa fulani ikitoka na inamletea haya, watu wake wanasema mara moja "ni montaji". Wakati ule montaji ilikuwa kazi ya mwenye kujua kompyuta. Alikata kichwa huku, alikibandika kule, na wewe ukiangalia vizuri shingoni unaona mshono. Leo mshono hauonekani tena. Januari 2023 Microsoft ilionyesha programu inayoweza kuiga sauti ya mtu kisha kusikiliza sekunde 3 tu. Machi 2024 OpenAI nayo ilionyesha ya kwake, inayohitaji sekunde 15, na yenyewe ilisema inaogopa kuiachia watu wote. Sekunde 3 ni kitu gani? Ni mtu kusema: "Allô, ni miye, niko njiani." Basi fikiria mwimbaji mwenye albamu mbili sokoni, ama mtangazaji anayesikika kila asubuhi. Hao wamekwisha kutoa sauti yao kwa masaa na masaa, bila kufikiria kama siku moja kuko mashini itaikula.

Wazungu wanaita vitu hivi dipfeki. Sisi tutabaki na montaji, kila mtu anaielewa. Swali letu ni hili: msanii wa Lubumbashi, wa Kolwezi, wa Kalemie ama wa Goma, akiamka asubuhi na kukuta sura yake inasema maneno hakusema, atakimbilia wapi?

Mfano mmoja wa Kasapa

Tuchukue mfano, si mtu wa kweli. Kijana anasoma UNILU, analala kwenye homu za kampasi ya Kasapa. Jioni, umeme ukikuwako, anajirekodi akichekesha watu kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na videyo zake zinatembea. Siku moja mtu anamtumia tangazo la dawa ya kuongeza nguvu za wanaume. Ndani yake ni yeye: sura yake, kicheko chake, hata ile namna yake ya kumaliza sentensi. Hajasaini kitu, hajalipwa hata franka moja. Mama yake anamuita kwa simu: "Mutoto wangu, tangu lini unauzisha dawa?"

Wengi watamwambia aende SOCODA, ile shirika ya haki za watunzi iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011. Lakini hapo njo mahali pa kwanza sheria inamponyoka. Sheria yetu ya haki za mtunzi na haki za jirani yake ni ordonansi-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986. Inalinda kazi: wimbo, mchezo wa tiatre, kitabu, na pia namna msanii alivyouimba ule wimbo. Mtu akichukua rekodi yako na kuiuza, sheria inamshika. Lakini mashini haikuchukua videyo ya huyu kijana na kuiweka vile iko. Imejifunza sauti yake, kisha imesema maneno mapya ambayo hakuna mtu aliwahi kuyarekodi. Kazi gani imeibwa? Avoka wa upande wa pili atasimama na kusema: hakuna. Mwaka 1986 mtu aliogopa kaseti za kunakiliwa sokoni. Sauti yenyewe, nje ya wimbo, haikuwa kitu mtu angeweza kuiba.

Inabaki milango mingine. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya binafsi. Kodi ya kiraia, kitabu cha tatu, kifungu cha 258, kinasema kwa ufupi kwamba mwenye kumletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Kifungu hiki ni cha mwaka 1888, enzi ya Leopold II, na bado kinafanya kazi kila siku katika tribinali zetu kwa ajali za gari, kwa nyumba kubomoka, kwa kila kitu. Na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuko na Kodi ya numeriki, ordonansi-sheria namba 23/010, inayozungumza juu ya data za mtu na makosa ya kwenye intaneti. Sauti na sura vinamtambulisha mtu kuliko hata karte yake ya uchaguzi. Kwa maoni yetu hakuna sababu visihesabiwe kuwa data zake. Kodi ile imepanga mamlaka ya kulinda data hizo. Lakini yule kijana wa Kasapa akitaka kugonga mlango wake kesho asubuhi, atapanda teksi ya kwenda wapi?

Mambo haya Katanga inayajua tangu zamani

Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa anazunguka na mashini za kurekodi, alifika Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Pale alimrekodi kijana wa Bunkeya mwenye gitaa, Mwenda Jean Bosco. Wimbo "Masanga" ulitoka pale, na wapiga gitaa wa nchi za mbali mpaka leo wanaujifunza kidole kwa kidole. Rekodi za Tracey ziko Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Bosco alikufa 1990. Mkataba wa Berne, ambao nchi yetu iko ndani yake, unalinda kazi za mtunzi angalau miaka 50 kisha kufa kwake. Kwa hiyo, kwa hesabu hiyo, nyimbo zake ziko chini ya ulinzi mpaka 2040. Nyimbo, ndiyo. Lakini mtu akitengeneza kesho "Bosco mpya", anayeimba kwa koo lile lile nyimbo ambazo Bosco hakuzitunga, familia itashika sheria gani mkononi?

Kuko jambo lingine la kukumbuka hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Bosco na mwenzake Edouard Masengo walifika Nairobi, na sauti zao zilitumika kwa matangazo: Bosco kwa dawa ya Aspro, Masengo kwa Coca-Cola. Si aibu hata kidogo. Msanii anakula kwa koo lake. Lakini waliulizwa, walikubali, walilipwa. Kampuni ilimhitaji Masengo mwenyewe afike, afungue kinywa. Leo kampuni inaweza kupata Masengo bila Masengo. Njo hapo kazi inapotea: mashini ikiweza kuuza soda kwa sauti yako, nani atakulipa nauli ya kwenda Nairobi?

Na hatuwezi kuzungumza tiatre ya Lubumbashi bila kutaja kundi la Mufwankolo. Wazee wa hapa wanakumbuka michezo yao kwenye redio na televisheni, Kiswahili cha mjini chenyewe, bila kukipiga pasi. Mwaka 1986 walitunga mchezo juu ya ile methali ya Kifaransa inayosema madaraka yanaliwa mazima. Profesa Johannes Fabian aliandika kitabu kizima juu ya kazi ile, kikatoka mwaka 1990. Kazi ya Mufwankolo ilikuwa kuiga: kuiga chefu, kuiga bwana mkubwa wa kazini, kuiga mlevi, kuiga mke mwenye hasira. Tafadhali lishike neno hili "kuiga", tutalirudilia, juu sheria mbaya inaweza kulifunga jela pamoja na montaji.

Kule Kivu si mchezo

Msomaji wa Lubumbashi anaweza kufikiri kwamba jambo hili ni la feza na la sifa tu. Wenzetu wa Kivu wanajua lingine.

Tarehe 13 Februari 2025, karibu wiki mbili na nusu kisha Goma kuanguka mikononi mwa M23, mwimbaji Delcat Idengo aliuawa kwa risasi katika mji ule. Alikuwa mtu wa Beni, aliimba kwa Kiswahili, na nyimbo zake zilikuwa kali. Serikali ya Kinshasa ilikuwa imemfunga mwaka 2024, alitoka gereza la Munzenze wakati wafungwa walipotoroka siku mji unaanguka, na alikuwa ametoa wimbo wa kuwapinga wenye kuushika mji. Hapakuwa na montaji katika habari hii. Maneno yalikuwa ya kwake, aliyasema kwa uso wake. Lakini inatuonyesha bei ya wimbo katika jimbo lile. Kama wimbo wa kweli unaweza kumtangulia mtu kaburini, basi wimbo wa bandia wenye sauti ya kweli ni silaha. Mtu anaweza kuchukua sauti ya mwanamuziki wa Bukavu, aimbishe sifa za upande huu ama matusi kwa upande ule, aitupe kwenye kundi la WhatsApp saa mbili usiku. Saa nne watu wako mlangoni. Nani atawaeleza habari za IA saa ile?

Kwa sababu hii sisi tunaona kwamba haki ya msanii juu ya sauti yake, hapa mashariki, haifanani kabisa na ile wanayopigania Hollywood. Kule wanaogopa kupoteza kazi. Hapa tunaogopa kazi na tunaogopa usiku.

Wengine wamefanya nini

Hata hivyo Hollywood inafaa kuangaliwa. Waigizaji wa chama cha SAG-AFTRA waligoma siku 118, tangu tarehe 14 Julai mpaka 9 Novemba 2023, na mojawapo ya sababu kubwa ilikuwa mashini hizi. Chama kilisema makampuni yalitaka kumpiga picha mwigizaji mdogo kwa siku moja, kumlipa ile siku moja, kisha kutumia sura yake watakavyo. Makampuni yalikana. Mwishowe mkataba uliandikwa: hakuna kutumia nakala ya mtu bila yeye kukubali, na ikitumika analipwa. Tunasema tena: hiyo ilitoka kwenye mgomo na kwenye mkataba. Sheria zilikuja nyuma. Jimbo la Tennessee, nyumbani kwa muziki wa Marekani, lilitia sahihi sheria yake ya kulinda sauti tarehe 21 Machi 2024, na wakaipa jina la Elvis. Denmark mwaka 2025 ilitangaza inataka kumpa kila raia haki juu ya sura na sauti yake, kwa kubadilisha sheria ya haki za mtunzi.

Lakini mfano unaotufaa zaidi hautoki kwa Wazungu, unatoka India. Julai 2024, mwimbaji Arijit Singh alikwenda korti kuu ya Bombay juu ya programu zilizokuwa zinaiga sauti yake. India haikuwa na sheria ya pekee juu ya montaji. Jaji alichukua kanuni za zamani juu ya heshima na utu wa mtu, akazisoma kwa macho ya leo, na akaamuru ziondolewe. Mwaka mmoja mbele, mwigizaji Anil Kapoor alikuwa amepata amri ya namna hiyo Delhi. Maana yake nini kwetu? Maana yake jaji wa Lubumbashi haitaji kungojea Kinshasa ipige kura. Kifungu cha 258 kinamtosha kuanza. Kinachokosekana ni mtu wa kwanza kupeleka kesi, na avoka wa kukubali kuibeba.

Kenya nayo imetumia njia ya data. Septemba 2023 ofisi yake ya kulinda data ilitoza kilabu kimoja cha Nairobi faini ya shilingi 1,850,000, juu walitia picha ya mteja kwenye mitandao bila kumuuliza. Picha ya kweli kabisa, si montaji. Basi montaji ingelipiwa ngapi?

Kuiga si kuiba

Sasa turudilie lile neno. Tukisema "serikali itunge sheria kali", tuangalie vizuri tunachoomba. Kodi ya numeriki tayari iko na kifungu cha 360: mwenye kuanzisha ama kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao anafungwa mwezi 1 mpaka miezi 6, na faini ya franka 500,000 mpaka 1,000,000. Kwenye karatasi inaonekana vizuri. Lakini mwanahabari Stanis Bujakera alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 uwanja wa ndege wa Kinshasa, akakaa gerezani zaidi ya miezi 6, mpaka tarehe 19 Machi 2024, kwa mashtaka ya kutengeneza na kusambaza habari ya uongo. Sheria iliyotungwa kumlinda mnyonge inaweza kumfikia kwanza mwanahabari, na nyuma yake mchekeshaji.

Mchekeshaji anayeiga sauti ya gavana mbele ya watu, na watu wanacheka juu wanajua si gavana, huyo ni mtoto wa Mufwankolo. Aachwe. Lakini yule anayetoa sauti ya gavana ili watu waamini ni gavana, ama sauti ya mwimbaji ili auze kitu, huyo ni mwizi. Tofauti iko kwenye maswali mawili: msikilizaji alidanganywa? Na kuko mtu alikula feza ya mwenzake? Marekani walilijibu la pili zamani, kabla ya mashini. Kampuni ya Ford ilimtaka Bette Midler kwa tangazo, akakataa, wakachukua mwanamke mwingine aimbe sawa yeye. Mwaka 1988 korti ya rufaa ilisema kampuni haina haki ya kufanya vile. Mwigaji alikuwa mtu mwenye pumzi, kosa lilikuwa lile lile.

Kwa hiyo sisi tungependa sheria ya kulipa kuliko sheria ya kufunga. Msanii aende tribinali mwenyewe, aombe kitu kiondolewe na alipwe. Paruke ibaki kwa mambo mazito: montaji za kuchochea kuua, na zile za kuvua wanawake nguo, ambazo waimbaji wa kike wanazijua vizuri na wengi wananyamaza kwa haya. Wakubwa hawatapenda hesabu hii, juu wao wamezoea njia ya paruke.

Karatasi mbele ya mikrofoni

Wakati tunangojea, kitu cha karibu ni kontra. Wasanii wetu wengi wanarekodi kwa neno la mdomo: njoo studio, imba, chukua feza ya teksi. Zamani hasara yake ilikuwa wimbo mmoja. Sasa inaweza kuwa koo nzima. Ukisaini karatasi ya studio, ya kampuni ya simu, ya shirika lisilo la serikali linalotaka sauti yako kwa matangazo ya chanjo, tafuta sentensi zinazosema "kwa njia zote, zilizopo na zitakazokuja" ama "bila mwisho wa wakati". Hizo njo zinampa mtu ruhusa ya kukulisha mashini. Omba iandikwe wazi: sauti na sura yangu havitatumika kufundisha mashini wala kutengeneza nakala yangu bila karatasi ingine na malipo mengine. Ukiweza, andika pia nani ataamua ukikufa.

Na kwa wanafunzi wa Kasapa wanaopenda kusaidia lugha: kuko miradi ya kukusanya sauti za Kiswahili ili simu zitusikilize vizuri. Mmoja ni Common Voice wa Mozilla. Kazi ni nzuri, Kiswahili chetu kinahitaji kusikika. Lakini sauti unayotoa pale inawekwa chini ya leseni ya CC0, maana yake umeiachia dunia nzima, kampuni yoyote inaweza kuichukua kwa kazi yoyote bila kukuuliza tena. Mradi unakataza kutafuta mwenye sauti ni nani, na jina lako halitokei. Mwanafunzi wa kawaida anaweza kukubali hivyo. Mwenye kuishi kwa sauti yake afikirie mara mbili.

Montaji ikikwisha kutoka, usikimbilie kuifuta ama kutukana chini yake. Kwanza hifadhi: linki, tarehe, saa, jina la akaunti, picha ya skrini. Peleka kwa OPJ aandike prosè-verbal, juu bila karatasi ile avoka hana mahali pa kuanzia. Ongea upesi redioni, kwa sauti yako mwenyewe, wakati watu bado wanaisikiliza ile ya uongo. YouTube tangu Juni 2024 inakubali malalamiko ya mtu aliyetengenezewa sura ama sauti na IA, na ni yeye mwenyewe anapaswa kuyatuma, si rafiki yake. TikTok inadai videyo za IA zinazofanana na kweli ziwekewe alama, na unaweza kuripoti isiyokuwa nayo. WhatsApp, ambapo montaji nyingi za huku zinapita, haisomi ujumbe wa watu, kwa hiyo haiwezi kukufutia kitu kundi kwa kundi. Pale anayebaki na mkono juu ya jambo ni msimamizi wa kundi. Yeye anaweza kufuta ujumbe kwa wote, na kwa kawaida ni mtu unayemjua, anakaa avenyu ya tatu kutoka kwako.